Ruhusa Ambayo Sikuiacha Nyumbani

Ndugu msomaji, askari anapopewa amri ya safari hukaa chini akahesabu. Huhesabu unga utakaoliwa nyumbani mpaka mwisho wa mwezi, mafuta ya taa, ada ya mtoto wa shule, na akiba kidogo ya kuugua na kuuguza. Katika utumishi wangu wote wa jeshi nilikuwa hodari wa hesabu hiyo, wala sikumbuki siku ambayo mke wangu alilala njaa kwa uzembe wangu. Lakini mwaka 1996 nilisahau kuacha kitu kimoja kisichopimwa kwa kilo wala kwa lita. Sikuacha ruhusa. Kwa upungufu huo, binti yangu wa kwanza alipoteza nuru ya jicho la kushoto.

Jambo hili nimelinyamazia miaka mingi kwa kuwa ni aibu yangu mwenyewe. Leo nimestaafu, naishi Mtwara, na kila nionapo vijana wa jeshi na wa polisi wakifunga mizigo yao kwenda vituo vya mbali, huku wake zao wamesimama mlangoni na watoto mgongoni, naona si haki kuendelea kulificha.

Mke wangu ni mzaliwa wa Kionga, ng'ambo ya mto Ruvuma, katika wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Wareno huandika Quionga. Mahali hapo palikuwa chini ya Wajerumani hadi Wareno walipopateka mwaka 1916, lakini mipaka ya wakubwa haikukata undugu wa watu wa pwani ile. Tangu Mtwara na Msimbati hadi Kionga na Palma watu huoana na huzikana, na Mmwani na Mswahili husikilizana bila mkalimani. Nilimwoa mwaka 1994. Alipokaribia kujifungua alirudi kwa mama yake, kama ilivyo desturi ya mimba ya kwanza, na mwezi Januari 1996 akazaa mtoto wa kike. Nikapata likizo ya siku chache, nikavuka kwa dau kwenda kumwona mwanangu. Kutoka hapo amri ilinitaka nielekee Kigoma.

Asubuhi ya kuondoka nilisimama uani mbele ya mke wangu, mama mkwe na shemeji yangu, nikatamka neno ambalo siku ile nililiona ni la busara: "Jambo lolote la mtoto huyu lisifanyike mpaka mimi nijue." Wote wakaitikia. Nami nikaondoka nikiwa nimeridhika kwamba nimeacha nyumba yenye utaratibu.

Ndugu msomaji, yafaa ujue jinsi utaratibu wa chanjo ulivyo, ili upime uzito wa neno lile. Mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa. Huko Msumbiji hurudishwa kliniki akiwa na umri wa miezi miwili, mitatu na minne kwa ajili ya kinga ya dondakoo, kifaduro, pepopunda na mengineyo. Hapa kwetu huhesabiwa kwa majuma, la sita, la kumi na la kumi na nne. Kisha huja chanjo ya surua katika mwezi wa tisa. Mwezi huo wa tisa haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Mtoto huzaliwa akiwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni, na kinga hiyo hupungua kidogo kidogo kadiri miezi inavyopita. Akichanjwa mapema mno, kinga ya mama huweza kuizuia chanjo isifanye kazi yake. Akicheleweshwa, hubaki bila kinga ya mama na bila kinga ya chanjo. Nao ugonjwa wa surua ni mwepesi kuambukiza kupita magonjwa karibu yote tunayoyajua, kwa maana husafiri hewani, na mgonjwa mmoja akiingia chumbani na kutoka, hewa aliyoiacha humwambukiza mwingine hata baada ya saa moja au mbili.

Kwa hiyo chanjo haitoi nafasi ya kusubiri barua. Na barua za wakati ule mwazijua. Kutoka Kionga barua ilivuka kwa mtumbwi au dau mpaka Mtwara, ikangoja basi la kwenda Dar es Salaam katika barabara ambayo masika huikata, kisha ikapanda treni ya Kigoma, na mwisho ikangoja kambini mpaka mwenyewe arudi kutoka doria.

Mke wangu aliniandikia mwezi Julai. Hapa pana jambo jingine la kuniaibisha. Mimi nilikuwa na cheti changu cha darasa la saba, na mbele ya rafiki zangu nilikuwa nikisema kwamba mke wangu hakusoma. Lakini wanawake wengi wa pwani ile hufundishwa chuoni tangu utotoni, naye aliniandikia kwa mkono wake mwenyewe, kwa lugha yetu, kwa herufi za Kiarabu. Barua ilipofika mwishoni mwa Agosti sikuweza kuisoma hata mstari mmoja. Ilinibidi nimtafute mwalimu wa madrasa mjini Kigoma anisomee. Aliyeandika alikuwa asiyesoma, na mwenye cheti ndiye aliyehitaji msomaji.

Ndani ya barua aliniuliza jambo dogo. Alisema wauguzi huja kijijini kila baada ya muda, wenzake wanapeleka watoto, naye anangoja neno langu. Basi nililotakiwa kujibu lilikuwa neno moja tu. Lakini nilikuwa na kazi, nikasema nitaandika mwisho wa mwezi pamoja na fedha. Mwisho wa mwezi ukapita, na baada yake ukapita mwingine. Ilipofika Oktoba vita vya Zaire vikawasukuma watu kuvuka Ziwa Tanganyika kwa maelfu, nasi tukapelekwa ufukweni kutunza amani na utaratibu.

Hapo ndipo nilipoonyeshwa kosa langu, nami nikawa kipofu mbele yake. Wakimbizi wanapopokelewa, mojawapo ya kazi za kwanza ni kuwachanja watoto dhidi ya surua, kwa kuwa surua ikiingia katika watu waliosongamana na wenye njaa huua watoto kama moto wa nyika. Nilisimama na bunduki begani kulinda foleni ile. Niliwaona akina mama waliovuka ziwa usiku, wengine hawajui waume zao wako hai au wamekufa, wakimfikia muuguzi na kumtolea mtoto mkono. Hakuna aliyeulizwa ruhusa ya mumewe iko wapi. Nikawasaidia kupanga mstari, nikamnyamazisha mtoto mmoja kwa kipande cha biskuti, na jioni nikalala usingizi mzuri. Siku hizo hizo, kule Kionga, mke wangu naye alikuwa amesimama katika foleni chini ya mwembe.

Alinisimulia baadaye. Wauguzi walikuja mwezi wa Oktoba, mtoto akiwa ametimiza miezi tisa. Alitoka nyumbani amemfunga mwanawe mgongoni kwa kapulana, akasimama nyuma ya wenzake, akasogea mpaka wakabaki wanawake wawili mbele yake. Ndipo kaka yake alipopita akarudi kumwambia, "Dada, mtoto huyu ana mwenyewe. Sindano ikimdhuru, sisi tutamwambia nini baba yake?" Akatoka katika foleni. Wauguzi waliondoka jioni ile. Kupata chanjo kwingine kulitaka safari ya kutwa kwa miguu hadi Palma mjini, na mwanamke hawezi kufanya safari kama hiyo kwa siri.

Katikati ya Novemba surua iliingia kijijini. Binti yangu aliwaka homa, macho yakawa mekundu, kikohozi kikambana, kisha vipele vikamfunika kuanzia usoni. Aliishi, na kwa hilo namshukuru Mungu, kwa maana katika mtaa ule walizikwa wengine. Lakini surua hushambulia macho, hasa ya mtoto ambaye mwili wake una upungufu wa vitamini A. Kidonda kilitokea juu ya kioo cha jicho la kushoto, na kilipopona kiliacha kovu jeupe. Barua yangu ya ruhusa, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri na kutiwa sahihi, ilifika Kionga mwezi Desemba.

Nilipopata likizo na kuvuka mto, nilikwenda kwa hasira. Nilitaka kujua kwa nini watu wazima watatu walishindwa kumpeleka mtoto mmoja kwa muuguzi. Nikamshambulia zaidi mama mkwe, kwa kuwa nilimjua historia yake. Yeye ni Mmakonde wa upande wa Nangade aliyeolewa pwani. Vita vya ukombozi vya FRELIMO vilipoanza Septemba 1964 alikuwa msichana, na alipopata nguvu alikuwa miongoni mwa wanawake wa Cabo Delgado waliobeba kichwani masanduku ya risasi na dawa kutoka mpaka wa Tanzania kuingia ndani ya maeneo yaliyokombolewa. Wenzake kadhaa walikuja kufunzwa Nachingwea, ambako mwaka 1967 kundi la kwanza la wasichana 25 lilianza mafunzo ya kijeshi, akiwemo Josina Machel. Nikamwambia, "Mama, wewe uliyevusha risasi katika Ruvuma usiku, ndege za Wareno zikiwa juu, umeogopaje sindano?"

Akanijibu kwa upole, "Mkwe wangu, sindano sikuiogopa. Tulikuogopa wewe."

Kisha akaniambia jambo ambalo nimelitafakari hadi leo. Alisema kwamba katika vita hakuna mwanamke aliyemwuliza mumewe kama aubebe mzigo au asiubebe, kwa sababu mzigo ulikuwa wa wote na lawama ilikuwa ya wote. Vita vilipokwisha, kila mmoja alirudi nyumbani kwake, na nyumbani mzigo ulibaki wa mwanamke lakini neno likarudi kwa mwenye nyumba. Mimi niliposema lisifanyike jambo mpaka nijue, niliwapa wao ulezi wote na lawama yote, nami nikaondoka na uamuzi mfukoni. Mtoto akidhurika kwa chanjo, wao ndio wenye makosa, kwa kuwa walivunja amri. Mtoto akidhurika kwa kukosa chanjo, hayo yatakuwa mapenzi ya Mungu. Nani basi hatachagua kungoja?

Watu wengi wa bara hudhani kwamba katika makabila yanayofuata ukoo wa mama, kama Wamakonde na Wamakua, mwanamke ndiye mwenye amri juu ya mtoto. Si hivyo. Mara nyingi neno humwacha baba likaenda kwa mjomba, na mama hubaki pale pale, kati ya wanaume wawili. Nyumbani kwangu mjomba alikuwa na sauti ya kumtoa dada yake katika foleni, lakini hakuwa na ujasiri wa kumrudisha.

Sisemi kwamba nchi ile haikuwahi kulijua jambo hili. Chama cha wanawake wa Msumbiji, OMM, kilianzishwa mwaka 1973 hapa kwetu Tunduru, miaka miwili kabla ya uhuru, na kutoka mwanzo viongozi wake walisema kwamba ukombozi wa nchi bila ukombozi wa mwanamke ni kazi ya nusu. Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, serikali mpya ilizitaifisha huduma za afya, na mwaka 1976 ikaanza kampeni kubwa ya kuwachanja wananchi nchi nzima, kijiji kwa kijiji. Watu walikusanyika kwa wingi, kwa sababu jambo lilitangazwa kuwa la taifa na halikungoja kibali cha nyumba moja moja. Lakini kampeni hupita. Chanjo za kila mwezi, za mtoto huyu na za yule anayezaliwa kesho, hutegemea mama anayeamka asubuhi na kusema, "Leo nakwenda." Wataalamu waliochunguza afya ya watoto katika nchi nyingi za Afrika wameona jambo hili likijirudia: mama aliyesoma, na mwenye sauti katika mambo ya nyumba, watoto wake hukamilisha chanjo kwa wingi zaidi. Siku hizi huitwa uwezeshaji wa wanawake. Mimi nalielewa kwa maneno ya uani kwetu: je, mama anaweza kubaki katika foleni mpaka zamu yake ifike?

Binti yangu alikua. Tulimsomesha Mtwara kwa jicho lake moja mpaka akamaliza sekondari, na alipochumbiwa na mvuvi wa Palma hakuniuliza kuhusu mahari peke yake. Siku ya mazungumzo alimwambia kijana yule mbele yangu, "Mambo ya kliniki ya watoto ni yangu. Nitakuarifu, lakini sitakungoja." Kijana akakubali. Mimi nilitazama chini.

Mtoto wao alizaliwa Septemba 2019, miezi michache baada ya kimbunga Kenneth kuipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili mwaka ule. Tayari tangu Oktoba 2017, waasi waliposhambulia Mocímboa da Praia, pwani ile ilikuwa haina usalama. Hata hivyo binti yangu alimpeleka mtoto kliniki kila alipotakiwa, na kadi aliiweka katika mfuko wa plastiki ndani ya pembe ya kapulana. Alikuwa akiuza pweza wa kukausha, naye aliweka kando fedha ya nauli ambayo hata mumewe hakuigusa.

Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Mumewe alikuwa baharini. Alitoka na mtoto mgongoni, akapitia vichakani mpaka Quitunda, karibu na Afungi, na baada ya siku kadhaa akapata nafasi ya chombo cha kwenda Pemba, mji mkuu wa jimbo. Simu za Palma zilikuwa zimekatika, nasi Mtwara tulikaa tukisubiri kama watu walio matangani. Siku alipopiga simu kutoka mtaa wa Paquitequete, mama yake alilia asiweze kusema, ikabidi nipokee mimi. Nikamwuliza habari zake, nikamwuliza habari za mumewe. Akasema hajui aliko. Kisha akasema, "Baba, mtoto alikuwa ametimiza mwezi wa kumi na nane. Ile chanjo ya pili ya surua nimekwisha mpeleka. Kadi ilikuwepo, hata haikulowa."

Nilitafuta neno la kumjibu nikalikosa. Huyu alikuwa amepoteza nyumba, hajui kama ni mke au ni mjane, na amelala chini katika chumba cha ndugu pamoja na watu kumi na wengine. Hali yake ilikuwa ngumu mara kumi kuliko ya mama yake mwaka 1996, aliyekuwa kwao, salama, na wauguzi wakaja hadi chini ya mwembe wa kijiji. Mapenzi yao kwa watoto yalikuwa sawa. Lakini mmoja alikuwa na neno lake na fedha yake, na mwingine alikuwa anangoja barua. Mumewe alifika Pemba kwa mashua baada ya majuma matano. Jambo la kwanza alilofanya, naambiwa, lilikuwa kumnyanyua mtoto na kuuliza kama kadi imeokoka.

Wapo ndugu watakaoniuliza, "Je, baba hana haki juu ya mwanawe?" Anayo. Ana haki ya kujua, ya kuuliza, ya kufuatana na mama mpaka kliniki akiwa yupo, na kuisoma kadi kama anavyosoma hati ya mshahara wake. Lakini haki ya kujua si haki ya kuchelewesha. Hata jeshini kamanda anayekwenda mbali hamwachi msaidizi wake bila mamlaka, akamwambia adui akija asubiri barua. Tukifanya hivyo katika lindo tutashtakiwa. Nyumbani tumekuwa tukifanya hivyo na kujiita waume imara.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlio kazini, askari wa jeshi na wa polisi, na wale wa vikosi vyetu waliotumwa Cabo Delgado katika jeshi la SADC kati ya mwaka 2021 na 2024, ambao bila shaka wamewaona kwa macho yao akina mama wa pwani ile. Kabla ya safari ijayo, kaeni na wake zenu. Fungueni kadi ya mtoto pamoja, mhesabu tarehe zilizobaki. Acheni fedha ya nauli ya kliniki mkononi mwake, mbali na fedha ya chakula, ili isiwe ya kuombwa. Kisha muiteni mama yenu, mama mkwe, kaka na mashemeji, mseme mbele yao wote kwamba mambo ya afya ya mtoto yako mikononi mwa mama yake, na kwamba akiamua jambo, hata likienda kombo, lawama ni yenu wawili. Neno hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu lawama ndiyo iliyomtoa mke wangu katika foleni.

Na ninyi akina mama mnaosoma ukurasa huu, ikiwa mume ameondoka bila kusema neno hilo, mwambieni aliseme hata kwa simu, na wakwe wasikie. Siku hizi simu haingoji treni ya Kigoma.

Mke wangu bado anaitunza ile barua yangu ya Desemba 1996. Sijui kwa nini hakuichana. Mwaka jana mjukuu wetu aliyeanza kusoma aliitoa sandukuni akanisomea kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka akafika mahali palipoandikwa, "Sasa nakupa ruhusa." Akaniuliza, "Babu, ruhusa ya nini?" Bibi yake, aliyekuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nami nikamweleza mtoto habari yote, kama nilivyowaeleza ninyi.